Gegedu la goti linapoharibika: seli zake zinafanya nini?

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 62, tunaishi Mbagala, na sehemu kubwa ya maisha yake amekuwa akipika na kuuza vitumbua. Goti lake la kulia linamuuma kwa miaka kadhaa sasa. Amepigwa picha ya eksirei, akaambiwa ana osteoathraitisi, gegedu limesagika na nafasi kati ya mifupa imepungua. Majirani wanasema mafuta ya goti yamekwisha, anywe supu ya makongoro na ale bamia kwa wingi, na apunguze kutembea ili goti lisizidi kusagika. Naomba kuelewa: ndani ya goti kinatokea nini hasa, na kwa nini gegedu halijirudishi kama kidonda cha ngozi kinavyopona?"

Jibu:

Marahaba, ndugu msomaji, na pole kwa kumuuguza mama. Umeuliza jambo ambalo wagonjwa wengi huondoka hospitali bila kuelezwa, na ambalo likieleweka vizuri hubadilisha namna mtu anavyoliangalia goti lake na anavyolitumia.

Gegedu la mama yako halikuisha kwa msuguano peke yake. Gegedu ni tishu hai, lina seli zinazolitunza, na katika ugonjwa huu seli hizohizo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya vimeng'enya, yaani protini za kukata molekuli, vinavyolivunja. Mzigo unaolielemea goti, uzito wa mwili, jeraha la zamani, umri na urithi wa kifamilia vyote vina nafasi yake, lakini mengi ya hayo hupitia kwenye seli: huzipa ishara, nazo hubadilisha kazi yake. Kwa hiyo ili kuelewa ugonjwa ni lazima tuanze na seli na mazingira yake.

Gegedu linalofunika ncha za mifupa ya goti lenye afya ni jeupe, nyororo na lenye kung'aa, na kwa sehemu kubwa lina unene wa milimita 2 hadi 4. Halina mishipa ya damu wala neva. Seli zake, ziitwazo kondrosaiti, ni chache mno: kwa mtu mzima zinachukua takriban asilimia 2 tu ya ujazo wake, na nyingi zimekaa katika vishimo vyao mbali na jirani zao. Kilichobaki ni matriksi, yaani mchanganyiko wa maji, nyuzi na molekuli kubwa ambao seli hizo ziliutengeneza tangu utotoni na ambao zinaendelea kuutunza. Chakula na oksijeni huzifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye ute wa kiungo, na oksijeni inayofika ni kidogo kiasi kwamba seli hizi hupata nguvu zake nyingi kwa kuvunja glukosi bila kuitegemea.

Ndani ya matriksi kuna vitu viwili vinavyobeba kazi yote. Cha kwanza ni nyuzi za kolajeni, hasa ile ya aina ya II, zilizofumwa kuwa wavu. Karibu na uso wa gegedu nyuzi hizo hulala sambamba na uso wenyewe. Katikati hupishana kila upande. Na chini kabisa husimama wima na kujikita katika tabaka lenye chokaa ambalo limeshikamana na mfupa. Cha pili ni agrekani, protini ndefu iliyobeba zaidi ya minyororo 100 ya sukari, mingi ikiwa ni ya kondroitini salfeti, na molekuli nyingi za agrekani hujipanga juu ya uzi mmoja mrefu wa asidi ya hayaluroni. Minyororo hiyo ina chaji hasi nyingi. Chaji hizo huvuta sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Ndiyo maana maji ni kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wa gegedu.

Chukua kiroba kigumu, kijaze maharage makavu, shona mdomo wake, kisha kiloweke usiku kucha. Asubuhi utakikuta kimetuna na kukaza, kwa sababu maharage yanataka kuvimba na kiroba kinayazuia. Agrekani inayovuta maji inafanya kazi ya maharage, na wavu wa kolajeni unafanya kazi ya kiroba. Uimara wa gegedu hautokani na kimoja kati ya hivyo, bali unatokana na shinikizo lililopo kati yao muda wote. Mama yako anapotembea kwenye ardhi tambarare, kila hatua hulipa goti mzigo wa takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, na anaposhuka ngazi mzigo huo huzidi hapo. Maji husukumwa kidogo kutoka sehemu inayobanwa, mzigo ukiondoka hurudi, na katika kwenda na kurudi huko uso wa gegedu hulainishwa na virutubisho husogea.

Vitu hivi viwili havirekebishwi kwa kasi moja, na hapa ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Seli za mtu mzima zinaweza kutengeneza agrekani mpya, na hufanya hivyo katika maisha yote, ingawa polepole, kwa muda wa miaka. Wavu wa kolajeni ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2016 watafiti kutoka Denmark walichapisha kazi iliyopima umri wa kolajeni ya goti kwa kutumia kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, ambayo iliongezeka sana angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, kisha ikapungua mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa kiwango cha kila mwaka kinajulikana, tishu hubeba alama ya wakati ilipotengenezwa. Walikuta kwamba kolajeni ya gegedu ilikuwa na kaboni ya miaka ya utoto na ujana wa mwenye goti, na kwamba baada ya hapo karibu hakuna mpya iliyoongezwa, si kwa wenye afya wala kwa wenye osteoathraitisi. Kwa maneno mengine, wavu unaomshikilia mama yako leo ni uleule aliofumiwa akiwa binti. Ukikatika, hakuna wa kuufuma tena kama ulivyokuwa.

Ngozi hupona kwa sababu ikikatwa hutoka damu, damu huganda, na kupitia mishipa huja seli nyingi za kusafisha na kujenga. Gegedu halina damu ya kuganda, na seli zake zimefungwa ndani ya matriksi zisiweze kusafiri hadi kwenye ufa. Jeraha likizama hadi kwenye mfupa, damu huingia na kovu hujengwa, ila kovu hilo lina kolajeni nyingi ya aina ya I, na halihimili mzigo kama gegedu la asili. Daktari William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibiwa halirudi, na mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kulirudisha katika goti lenye ugonjwa huu.

Sasa turudi kwenye seli. Katika hali ya kawaida kondrosaiti ni tulivu: haigawanyiki, na hutengeneza kidogo huku ikivunja kidogo. Imezungukwa na ganda jembamba la matriksi ya pekee, lenye kolajeni ya aina ya VI, ambalo huipokelea mtikisiko wa kila hatua na kuipelekea kama ujumbe. Mwanzoni mwa ugonjwa ganda hilo hudhoofika. Seli ikikutana moja kwa moja na nyuzi za kolajeni ya aina ya II, ambazo kwa kawaida haizigusi, vipokezi vilivyo juu yake huitikia, na utulivu wake huisha.

Ukikitazama kwa hadubini kipande cha gegedu lililoanza kuugua, mambo mawili huonekana mapema. Kuna rangi ya maabara iitwayo safranini O, ambayo hushikamana na minyororo ya agrekani na kulifanya gegedu lenye afya kuwa jekundu. Katika gegedu linalougua wekundu huo unafifia, ukianzia juu na kushuka, na kadiri ugonjwa unavyoendelea ndivyo eneo lililopauka linavyozidi kuzama. Jambo la pili ni seli zenyewe. Mahali ambapo ungetarajia kuona seli moja ndani ya kishimo chake unakuta zimerundikana nyingi pamoja, hasa kandokando ya nyufa, kwa kuwa seli iliyokuwa haigawanyiki imeanza kugawanyika. Mimi huona kuwa picha hiyo inafundisha kuliko maelezo yoyote: gegedu halikulala likisubiri kusagwa, limejaribu kujitengeneza. Katika hatua hiyo seli hutengeneza hata agrekani nyingi kuliko zamani. Tatizo ni kwamba wakati huohuo zinatoa vimeng'enya, na ubomoaji unaushinda ujenzi.

Vimeng'enya vinavyokata agrekani vinaitwa ADAMTS-4 na ADAMTS-5, na vilitambuliwa mwaka 1999. Vikiikata protini ya agrekani, kipande chenye minyororo ya sukari hujitenga na kuchujuka kwenda kwenye ute wa kiungo. Hasara hiyo peke yake ingeweza kurekebishwa, kwa kuwa agrekani hutengenezwa upya. Hasara isiyorekebishika huja pale kimeng'enya MMP-13 kinapofanya kazi. Hiki huukata uzi wa kolajeni ya aina ya II mahali pamoja maalumu, ukabaki vipande viwili, kimoja cha robo tatu ya urefu na kingine cha robo moja, na vipande hivyo hulegea na kuwa rahisi kwa vimeng'enya vingine kuvimaliza. Kiroba kikichanika, maharage huvimba kupita kiasi: ndiyo maana gegedu katika hatua za mwanzo huwa na maji mengi zaidi ya kawaida, si machache, na huwa laini linapobonyezwa. Baadaye uso wake huchanika nyuzinyuzi, nyufa huzama, vipande humeguka, na mwisho mfupa hubaki wazi.

Kinachofanya ugonjwa ujiendeshe wenyewe ni mabaki ya ubomoaji huo. Vipande vya kolajeni, vya agrekani na vya protini iitwayo fibronektini havikai kimya. Hugusa vipokezi vya kondrosaiti, navyo huisukuma seli itoe vimeng'enya zaidi. Vipande vinavyoelea kwenye ute hufika kwenye utando wa ndani wa kiungo, ambao huvipokea kama dalili ya hatari. Seli za kinga zilizo kwenye utando huo huanza kutoa sitokini, yaani protini zinazopeleka ujumbe kati ya seli, kama intaleukini-1, intaleukini-6 na TNF, na hizo hurudi kwenye gegedu kuamrisha ubomoaji uendelee. Huo ndio mchochota, yaani hali ya uvimbe na joto, ambao katika osteoathraitisi huwa wa kiwango cha chini kuliko ule wa baridi yabisi lakini hudumu. Maumivu ya mama yako kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye gegedu, kwa kuwa kwa asili halina neva. Yanatoka kwenye utando huo, kwenye mfupa ulio chini na kwenye mishipi inayoshikilia kiungo, na ndiyo sababu ukali wa maumivu mara nyingi haulingani na ubaya wa picha.

Kuna badiliko moja zaidi, ambalo kwangu ndilo la kushangaza kuliko yote. Mtoto anapokua, mifupa yake hurefuka kupitia tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha, ambako seli hunenepa, hutengeneza kolajeni ya aina ya X, huweka chokaa, huita mishipa ya damu, kisha hufa na kuuachia mfupa nafasi. Kondrosaiti za kwenye uso wa kiungo huzuiwa zisifuate njia hiyo. Katika osteoathraitisi kizuizi hicho hulegea kwa baadhi yake: protini RUNX2, inayowasha jeni za ukuaji huo, huongezeka, na seli ya mtu wa miaka 62 huanza kufanya kazi iliyopaswa kufanyika utotoni. MMP-13 ni sehemu ya mpango huohuo. Tabaka lenye chokaa hupanda juu, mishipa ya damu na neva hupenya kutoka mfupani, mfupa wa chini huwa mnene, na pembezoni mwa kiungo gegedu jipya huota na kugeuka kuwa vinundu vya mfupa. Kama kwenye picha ya mama mlionyeshwa "miiba" kandokando ya goti, hivyo ndivyo ilivyozaliwa.

Umri huchangia kwa njia zake. Seli nyingine huzeeka bila kufa na kumwaga vimeng'enya na sitokini karibu yake. Nyingine hufa, na hakuna ya kushika nafasi yake. Sukari ya mwilini hujishikiza polepole kwenye kolajeni isiyobadilishwa na kuifanya ngumu na rahisi kuvunjika. Uzito mkubwa nao hauhusiani na mzigo tu, kwani watu wanene hupata zaidi ugonjwa huu hata kwenye vidole vya mikono, ambavyo havibebi mwili. Mafuta ya mwilini hutoa kemikali zinazochochea mchochota.

Kwa msingi huo naweza kuyajibu maneno ya majirani, ambao wanawatakia mema. Ute wa goti la mama haujakwisha. Mara nyingi katika ugonjwa huu huwa mwingi kuliko kawaida, ndiyo maana goti huvimba, ila huwa mwepesi kwa kuwa asidi ya hayaluroni iliyomo imepungua na minyororo yake imekuwa mifupi. Supu ya makongoro ina kolajeni kweli, lakini tumbo huimeng'enya na kuwa vipande vidogo kama protini ya nyama au maharage, na tumekwisha kuona kwamba seli za gegedu haziufumi upya wavu hata zikiwa na malighafi yote. Ute wa bamia ni sukari za mmea na hauna njia ya kwenda kwenye goti. Mama ale bamia kwa sababu ni mboga nzuri, na supu anywe akipenda, ila mafuta yanayoelea juu ayaengue. Kuhusu vidonge vya glukosamini na kondroitini, ambavyo huuzwa kwa bei ya kuumiza, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ukiwa na wagonjwa 1,583 haukuonyesha kuwa, kwa wagonjwa wote kwa ujumla, vinapunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwingine.

Ushauri wa kupunguza kutembea ndio ninaoupinga kwa nguvu. Kondrosaiti huhitaji mzigo wa wastani unaokuja na kuondoka ili iendelee kutengeneza agrekani. Kiungo kisichotumika hupoteza agrekani yake hata kikiwa hakina ugonjwa. Kinachodhuru ni mzigo mkubwa uliokaa mahali pamoja au unaokuja kwa pembe mbaya. Mama anapokaa kwenye kigoda kifupi mbele ya jiko, magoti yamekunjwa, kisha akanyanyuka na kukaa tena mara nyingi asubuhi nzima, shinikizo nyuma ya kifuniko cha goti ni kubwa sana. Ningeanza hapo: jiko lipandishwe juu ya meza imara au matofali, apate kiti kirefu, na kama choo ni cha kuchuchumaa kitafutiwe kiti cha juu. Kama ana uzito uliozidi, apunguze, kwani imepimwa kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Atembee kwenye ardhi tambarare kwa kiasi anachomudu, na misuli ya mbele ya paja iimarishwe, kwa sababu ndiyo inayopokea sehemu ya mshtuko kabla haujafika kwenye kiungo. Zoezi rahisi la nyumbani ni kukaa kwenye kiti cha kawaida na kusimama bila kujisukuma kwa mikono, taratibu, mara chache kila siku na kuongeza kidogokidogo. Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake si ishara kwamba anajiumiza. Akitumia fimbo, aishike kwa mkono wa kushoto, upande ulio kinyume na goti bovu.

Kuhusu dawa nitasema machache. Jeli ya kupaka yenye diklofenaki ni salama zaidi kwake kuliko kumeza vidonge vya aina hiyo kila siku kutoka duka la dawa, ambavyo kwa umri wake vinaweza kudhuru tumbo, figo na shinikizo la damu. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza mchochota kwa wiki kadhaa, na ina mahali pake. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambamo wagonjwa walichomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, ulionyesha kuwa gegedu lao lilipungua zaidi ya la wale waliochomwa maji ya chumvi, bila tofauti ya maumivu mwishoni. Asiifanye kuwa desturi.

Ikifika mahali ambapo haya yote hayamtoshi, halali usiku na hawezi kwenda sokoni, kuna upasuaji wa kubadilisha goti, ambao hapa Dar es Salaam unafanyika, ikiwamo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Uamuzi huo hufuata maumivu yake na anayoshindwa kufanya, haufuati eksirei peke yake. Picha hiyo hailionyeshi gegedu lenyewe, huonyesha tu nafasi iliyobaki kati ya mifupa.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Osteoathraitisi huendelea polepole na huwa na siku mbaya na siku nafuu. Goti likivimba ghafla ndani ya siku moja au mbili, likawa la moto, akashindwa kabisa kulikunja na akapata homa, hiyo si osteoathraitisi ya kawaida. Vijidudu vikiingia ndani ya kiungo vinaweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu, kwa hiyo mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na asichomwe sindano yoyote ya kutuliza ndani ya goti kabla ute wa goti haujavutwa na kupimwa.